Eksirei ya Mguu Mzima kwa Mionzi Kidogo: Maelezo kwa Watu Wazima Wenye Maumivu ya Magoti

Watu wazima wengi wanaokuja kupigwa eksirei ya goti hapa Tanga huja na karatasi yenye maneno machache: maumivu ya goti, kulia au kushoto, na umri. Hupanda kitandani, hupigwa picha ya mbele na ya ubavuni, kisha huondoka na bahasha wakiamini kwamba goti lao limekwisha kuonekana lote. Kwa aliyeanguka na baiskeli kule Ngamiani akahofia kuvunjika, picha hiyo inatosha kabisa. Kwa mtu wa miaka hamsini au sitini ambaye goti limemsumbua kwa muda mrefu, na ambaye nduguze wameanza kumwambia kwamba miguu yake inazidi kupinda, picha hiyo huonyesha mahali panapouma na kuacha nje kinachopaumiza. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, na jambo hili nimelizungumza mara nyingi na wagonjwa wakiwa wamesimama mlangoni, haraka haraka, huku wengine wakisubiri kwenye benchi. Naliandika hapa kwa utulivu, kwa sababu linahusu mambo mawili ambayo watu huyaona kama yanapingana, nayo ni picha kubwa, yaani ya mguu mzima kuanzia nyonga hadi kifundo, na mionzi kidogo.

Mguu hubeba mwili kwa kufuata mstari ambao macho hayauoni. Mstari huo huanzia katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, ndani kabisa ya nyonga, na kushuka hadi katikati ya kifundo cha mguu. Kwa mtu mzima ambaye miguu yake imenyooka, hupita karibu na katikati ya goti, milimita chache tu upande wa ndani. Mfupa wa paja wenyewe haulali juu ya mstari huo, kwa kuwa kichwa chake kimechomoza kuelekea ndani ya nyonga, na shina lake huachana na mstari kwa digrii 5 hadi 7 hivi. Kwa hiyo anayetazama picha ya goti peke yake, akaona kipande cha paja chenye urefu wa kiganja na kipande kingine cha muundi, yaani mfupa wa chini ya goti, hulazimika kukisia kichwa cha paja kilipo kwa kutumia wastani wa watu wengine. Paja likiwa limepinda kiasili, au liliwahi kuvunjika na kuunga vibaya miaka ya nyuma, ukisiaji huo hupotea njia, na picha ya goti haitamwonya yeyote. Daktari bingwa wa mifupa hupima pembe inayofanyika pale mstari wa kutoka nyonga hadi goti unapokutana na mstari wa kutoka goti hadi kifundo. Digrii 180 ni mguu ulionyooka kabisa. Goti likitoka nje, tunasema mtu ana matege. Likiingia ndani, magoti hugusana huku nyayo zikiachana.

Ni vyema kutazama hesabu kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini digrii chache zina uzito. Chukua mguu ambao paja lina urefu wa sentimita 40 na muundi vivyo hivyo. Kila digrii 1 ya kupinda hulitoa goti kwenye mstari kwa milimita 3 na nusu hivi. Digrii 3 ni sentimita 1. Digrii 10 ni sentimita 3 na nusu, na kwa kuwa goti la mtu mzima lina upana wa sentimita 7 au 8 hivi, hapo mstari wa uzito umekwisha kufika ukingoni mwa upande wa ndani, na upande wa nje karibu haubebi kitu. Hata mguu ulionyooka, wakati wa kutembea, huelekeza zaidi ya nusu ya mzigo kwenye upande wa ndani wa goti. Matege yakiongezeka, gegedu ya upande huo, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, hulika kama tairi la gari ambalo magurudumu yake hayakunyoshwa, na kadiri inavyolika ndivyo mguu unavyozidi kuinama upande huohuo, na mzigo nao unazidi kuhamia huko. Hivyo uchakavu na upindaji husukumana, na aliyeanza na maumivu ya kupanda ngazi hufika mahali pa kushindwa kutembea hadi sokoni.

Hata hivyo sipendi mtu asome maneno haya kisha aanze kuitazama miguu yake kwa hofu. Si kila matege ni ugonjwa. Mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya vijana wazima wenye afya, wasio na maumivu yoyote, wakakuta kwamba asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake walikuwa na matege ya asili ya digrii 3 au zaidi. Hao ndivyo walivyokua. Matokeo hayo yaliwafanya madaktari wa upasuaji waanze kujadiliana upya iwapo goti bandia linapaswa kumnyoosha kila mgonjwa hadi digrii 180, au kumrudisha kwenye umbo alilokuwa nalo kabla ya gegedu kulika. Mjadala huo haujaisha, na pande zote mbili zinahitaji kitu kilekile kutoka kwetu sisi wa chumba cha eksirei: pembe iliyopimwa kwa usahihi kabla ya kisu kugusa ngozi. Anayefanyiwa upasuaji wa kukata na kunyoosha mfupa wa muundi, ambao wengi hupendekezewa wakiwa bado na umri wa kufanya kazi, ana hitaji kubwa zaidi, kwa sababu daktari hulenga kuuhamisha mstari wa uzito hadi sehemu maalumu upande wa nje wa goti, kwa kawaida asilimia 62 hivi ya upana wa muundi ukihesabu kutoka ndani. Kosa la digrii 2 katika picha linakuwa kosa la digrii 2 katika mfupa.

Picha hiyo ya mguu mzima ni lazima ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, uzito wake wote ukiwa juu ya miguu miwili. Goti lililochakaa hukaa tofauti linapobebeshwa mwili. Akilala, nafasi iliyokwisha kulika hufunguka kidogo, kano zilizolegea hazivutwi, na mguu huonekana umenyooka kuliko ulivyo. Tofauti ya digrii 1 au 2 kati ya kulala na kusimama ni ya kawaida kwa goti lenye uchakavu, na kwa goti lililolegea huzidi hapo.

Sasa mionzi. Hofu ninayoisikia mara nyingi zaidi, hasa kwa kina mama, ni kwamba picha inayofika nyonga itaharibu uzazi au kuleta saratani. Hofu hiyo haistahili kudharauliwa, kwa kuwa sehemu yake moja ina ukweli ndani yake. Katika mguu wa mtu mzima, kuanzia katikati ya paja kushuka chini, hakuna viungo vinavyodhurika kwa urahisi na mionzi. Uboho uliomo humo kwa sehemu kubwa ni wa manjano, wenye mafuta, usiotengeneza damu. Kwenye nyonga mambo ni mengine, kwa maana pana uboho mwekundu, ovari kwa wanawake, na korodani karibu yake kwa wanaume. Kwa hiyo karibu dozi yote yenye maana katika picha ya mguu mzima hutokana na sehemu ya juu kabisa. Kuongeza muundi na kifundo kwenye picha hakumgharimu mgonjwa karibu chochote, ilhali kuirudia picha ya nyonga kunamgharimu.

Ukubwa wa dozi yenyewe unahitaji kipimo cha kulinganishia. Binadamu yeyote, kwa kuishi tu duniani, hupokea wastani wa milisivati 2.4 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga. Picha moja ya mguu mzima iliyopigwa vizuri ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Uchunguzi wa siti skani wa nyonga na tumbo, ambao baadhi ya watu huuomba wenyewe wakidhani kila kilicho ghali ni bora, hufikia milisivati kadhaa, na tena hupigwa mtu akiwa amelala.

Katika nchi zenye uwezo mkubwa upo mtambo uliotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, unaoitwa EOS. Chanzo chake ni Georges Charpak, mwanafizikia wa Ufaransa aliyefanya kazi katika maabara ya CERN huko Geneva. Mwaka 1968 alibuni chombo chenye nyaya nyingi nyembamba ndani ya gesi kwa ajili ya kunasa chembechembe ndogo za fizikia, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Kigunduzi kilichotokana na wazo hilo kina usikivu mkubwa, kiasi kwamba mionzi kidogo inatosha kutoa picha. Mgonjwa husimama ndani ya kibanda, na tyubu mbili za kutoa mionzi zilizokaa kwa pembe mraba, moja mbele na nyingine ubavuni, hushuka pamoja zikitoa mwale mwembamba uliotandazwa kama upepeo. Kwa kuwa mwale ni mwembamba, mionzi inayotawanyika ndani ya mwili haifiki kwa wingi kwenye kigunduzi, na kwa kuwa unashuka sambamba na mwili, urefu wa mfupa hautanuliwi kwenye picha. Picha mbili zilizopigwa kwa wakati mmoja humwezesha mtaalamu kuunda umbo la mifupa la pande tatu na kupima pembe halisi hata kama goti limekunjika kidogo. Mapungufu yapo pia: miguu huchukua sekunde 10 hadi 20, na mzee anayetetemeka hutoa mfupa wenye kingo za mawimbi. Kiasi cha mionzi kinachookolewa nacho hutegemea unalinganisha na nini. Dhidi ya mitambo ya zamani ya kaseti tofauti ni kubwa. Dhidi ya mtambo wa kidijiti wa kisasa ulio mikononi mwa mtu makini, hupungua sana.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitilia mkazo zaidi, kwa sababu sisi hatuna EOS na hatuwezi kukaa tukiisubiri. Tuna tyubu ya kawaida, ukuta wenye stendi, na programu ya kuunganisha picha tatu, ya nyonga, ya goti na ya kifundo, kuwa moja. Kwa vifaa hivyo kazi nzuri inawezekana.

Jambo la kwanza ni umbali. Tyubu ikiwa mita 1 kutoka kwenye kigunduzi, na mfupa ukiwa sentimita 10 mbele yake, mfupa huonekana mkubwa kwa asilimia 11. Tyubu ikirudishwa hadi sentimita 305, ambao ndio umbali uliozoeleka kwa picha za miguu mirefu, ukuzaji huo hushuka hadi asilimia 3 na kidogo. Baadhi ya wenzetu huogopa umbali huo wakiona kwamba miliampia-sekunde, yaani kipimo cha mionzi inayotolewa na tyubu, lazima ziongezwe zaidi ya mara tisa, wakadhani mgonjwa ndiye anayebebeshwa ongezeko hilo. Sivyo. Mionzi hupungua kwa mraba wa umbali, na kinachoongezwa kwenye mtambo hupotelea njiani. Ngozi ya mgonjwa hupokea kiasi kilekile au pungufu kidogo. Jambo la pili ni kukubali kwamba nyonga na kifundo si sawa kwa unene. Picha zikipigwa tatu, kila moja iwe na mpangilio wake, na kifundo kipewe sehemu ndogo sana ya kile kinachohitajiwa na nyonga. Ikipigwa moja, kiwekwe kichujio cha umbo la kabari. Jambo la tatu ni kubana eneo la mwale pale juu, ukingo wake uishie sentimita chache tu juu ya vichwa vya mapaja. Hakuna pembe inayopimwa kwenye kitovu.

Kuhusu mitambo ya kidijiti nina neno moja la tahadhari kwa wenzangu wa kazi. Wakati wa filamu, mionzi ikizidi picha iliungua na kuwa nyeusi, na kila mtu aliona. Sasa kompyuta hurekebisha mwangaza yenyewe, picha yenye mionzi ya ziada hutoka nzuri na laini, na iliyopungukiwa ndiyo inayoonekana kuwa na chenga na kulalamikiwa. Matokeo yake ni kwamba mkono hupandisha kipimo kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, pasipo mtu kuamua kupandisha. Dawa yake ni kuisoma namba ya kipimo inayoandikwa pembeni ya kila picha na kuilinganisha na lengo la mtambo. Vilevile kupunguza kupita kiasi si huruma, kwani kichwa cha paja kikipotelea ndani ya chenga itabidi mgonjwa apigwe tena.

Mgonjwa mwenyewe ndiye anayeamua zaidi kuliko mtambo, na hapa ndipo kazi inapohitaji adabu. Fikiria bibi aliyeletwa na mjukuu wake, amevaa dera na kujifunga kanga mbili. Nitamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye ataitika, "Marahaba, mwanangu," na kabla ya lolote nitafunga mlango nimwulize taratibu, mwanamke kwa mwanamke, kama ana shanga kiunoni. Wanawake wengi wa pwani hii wanazo, na mwanamke hawezi kuulizwa habari zake mbele ya mwanamume au mbele ya watoto. Shanga za kioo huonekana kwenye picha kama safu ya nukta nyeupe zilizolala juu ya nyonga, mara nyingi juu ya kichwa cha paja hasa, mahali tunapohitaji kuweka alama ya katikati. Hirizi iliyotiwa ndani ya kijaluba cha madini nayo huacha mraba mweupe kabisa. Pini ya kufungia kanga, funguo, sarafu zilizofundikwa kwenye pindo, vyote huonekana. Asiyeulizwa hupigwa picha, kisha hupigwa tena. Shanga zikiwa hazivuliki, tunazipandisha hadi juu ya kiuno na kuzishika hapo kwa kitambaa, na hilo linatosha.

Kisha ni kusimama. Mtu akiambiwa asimame vizuri, huzipanga nyayo zake sambamba, na hapo ndipo kosa linapoingia. Kinachotakiwa kutazama mbele ni pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele, nyayo zikae zitakavyo. Naiweka pia hiyo ya goti katikati ya vidole vyangu viwili, namwomba mgonjwa azungushe mguu polepole hadi nihisi imekaa juu ya katikati ya goti, ndipo namwambia asitikisike. Goti lililonyooka likizunguka kidogo pembe haibadiliki sana, lakini goti ambalo halinyooki hadi mwisho, kama yalivyo mengi yaliyochakaa, likizunguka nje huonyesha matege ambayo mtu hana, na likizunguka ndani huyaficha aliyonayo. Mwishoni tunabandika tufe dogo la chuma la milimita 25, pembeni ya goti na kwa kina kilekile cha mfupa, ili daktari ajue ukubwa halisi anapochagua goti bandia. Likibandikwa mbele ya pia au nyuma kwenye pindo la goti, hudanganya.

Watu huuliza mbona hatuwafuniki sehemu za siri kwa kipande cha risasi kama zamani. Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2019 kwamba desturi hiyo iachwe, kwa sababu kipande hicho mara nyingi huficha kinachotafutwa, huweza kuufanya mtambo unaojirekebisha wenyewe uongeze mionzi, na hakizuii mionzi inayotawanyika kutoka ndani ya mwili. Kwenye picha hii kikisogea kidogo tu hufunika kichwa cha paja. Mwanamke ambaye bado anapata siku zake ataulizwa kuhusu ujauzito, na akiwa na shaka picha inasubiri. Goti lililouma miaka miwili linaweza kungoja wiki mbili zaidi. Na mgonjwa anaweza kuomba kuonyeshwa leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania katika kituo chochote anachopigwa eksirei.

Wagonjwa wetu wanaohitaji upasuaji mkubwa wa goti kwa kawaida hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC, Moshi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa mtu ambaye kukaa kwenye basi ni mateso. Nimeona mgonjwa aliyerudi na mafaili ya vituo vitatu, kila kimoja kimempiga picha ya goti akiwa amelala, na hakuna hata moja inayofaa kupimia pembe. Jumla ya mionzi, nauli na fedha ilikuwa kubwa kuliko picha moja ya mguu mzima. Kwa hiyo mwenye maumivu ya muda mrefu na miguu inayopinda anaweza kumwuliza daktari wake kwa heshima kabisa: je, nahitaji picha ya mguu mzima nikiwa nimesimama? Akiipata, aombe pia nakala kwenye sidii. Filamu iliyochapwa hupunguzwa ili ienee kwenye karatasi. Pembe hubaki sahihi na daktari anaweza kuipima kwa rula na penseli, lakini urefu wa mifupa na ukubwa wa goti haviaminiki tena pasipo lile tufe. Picha za zamani azichukue zote, kwa kuwa matege yaliyoongezeka digrii 4 katika miaka michache yana maana tofauti na yale yaliyokuwapo tangu ujana.

Baada ya goti bandia kuwekwa, picha ya mguu mzima hupigwa pale mgonjwa anapoweza kunyoosha goti na kusimama kwa uzito wake wote, jambo ambalo kwa wengi huchukua wiki kadhaa. Inayopigwa wodini siku ya pili, goti likiwa limevimba na limekunjika, hutoa pembe isiyo ya kweli. Kwa siku hizo picha fupi ya goti inatosha kuthibitisha kwamba vipande vimekaa mahali pake.